Klachi ya Mzee Taban

Ukitaka kumuudhi Étienne wa Mvara, mtaa wa Arua, mwambie kwamba mafuta ya klachi ya gari lako hayajabadilishwa tangu gari literemke melini. Ataacha chakula. Ataacha hata soda iliyokwisha kufunguliwa, akufuate mpaka garini, afungue boneti bila kuombwa, achovye kidole katika kile kikopo kidogo cha mafuta kilicho karibu na kioo, kisha akuonyeshe kidole cheusi kama daktari anayemwonyesha mlevi picha ya ini lake. Watu wa Arua wamekwisha kumzoea. Wanasema ana wake wawili, Jolie aliyemwoa kanisani na Corolla nyeupe aliyoinunua ikiwa imepinda ubavu, na kwamba Jolie hana wivu kwa sababu mke mwenzake hali chakula.

Corolla hiyo ndiyo anayokwenda nayo uwanjani. Nje kidogo ya Koboko, mahali walipochimba murram, udongo mwekundu wa kujengea barabara, wakaacha shimo pana lenye kuta nyekundu, wapenzi wa magari wamejitengenezea njia ya mzunguko. Kila baada ya miezi michache hukusanyika hapo. Si mashindano, wala hakuna kombe. Kila mtu huzunguka kwa zamu yake, yeye na vumbi lake, akajipima nguvu na kona. Fadhul, mchomeleaji wa mageti, ndiye mshika bendera na mgawaji wa kofia ngumu, na neno lake pale halijadiliwi. Wapo wanaokwenda kujionyesha. Étienne huenda kwa sababu, kwa maneno yake, siku moja ya uwanja inamwambia habari za gari ambazo barabara ya Arua ingemficha mwaka mzima.

Habari ya kwanza aliyoambiwa ilikuwa ya klachi. Klachi ya gari lake haivutwi kwa waya. Mguu husukuma pedali, pedali husukuma masta ya juu, ambayo ni pampu ndogo, masta husukuma mafuta ndani ya mrija hadi masta ya chini kwenye giaboksi, na hiyo ya chini ndiyo inayoisukuma klachi ikaachia. Mafuta yenyewe ni yale ya breki, nayo yana tabia mbaya ya kunywa unyevu wa hewani. Mjini tabia hiyo haisumbui sana. Uwanjani gia hubadilishwa kila kona, ekzosi inawaka jirani kabisa na mrija, na vile vitone vya maji vilivyojificha ndani ya mafuta vinageuka mvuke. Mvuke haubebi mzigo. Unakanyaga pedali, inazama hadi chini na klachi haina habari. Yalimpata siku yake ya kwanza, akasukumwa nje na watu waliocheka mpaka wakashindwa kusukuma.

Tangu siku hiyo, kila akirudi kutoka Koboko humwaga mafuta yote na kutia mapya. Hupapasa masta ya chini kuona kama inatoa jasho. Huvuta mrija mbali na moto na kuufunga upya. Mama yake, Odile, anayeuza samaki wakavu sokoni, anasema mwanawe angemwogesha mtoto namna ile anavyoosha klachi, mtoto angechubuka ngozi.

Maarifa hayo hakuyaokota njiani. Aliyapata kwa Mzee Taban.

Étienne na Odile walivuka mpaka kutoka upande wa Kongo wakati wa vita, na sufuria, godoro lililokunjwa na cherehani isiyo na sindano. Kijana alikuwa na miaka kumi na mitano. Shule ilikuwa imemkatikia njiani, na katika soko la Koboko walikuwako watu wenye midomo waliomwita mkimbizi kana kwamba ndilo jina alilobatizwa. Taban wakati huo alikuwa ameacha jeshi zamani, alikokuwa dereva wa malori, na amefungua gereji yake ya mabati kando ya barabara. Alimwona yule kijana amesimama nje tangu asubuhi, anatazama kazi bila kusema. Akamwuliza kama ana njaa. Étienne akasema hapana.

"Basi wewe iko muongo," Taban akamwambia. "Ingia ndani, Mama Sitti iko na asida ya moto. Ukimaliza kula, shika hii spana."

Aliishika miaka tisa. Katika miaka hiyo Taban hakumwita mgeni hata kwa utani. Siku moja mteja mmoja alisema hataki gari lake liguswe na ile mutu ya Kongo. Taban hakufoka. Alimrudishia funguo zake, akamwelekeza kwa upole kabisa gereji iliyokuwa ng'ambo ya barabara, kisha akainama akaendelea na kazi. Étienne akikusimulia maisha yake huanzia hapo. Mambo ya nyuma huyapita haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya jamaa aliyemkosea.

Sitti, mke wa Taban, naye alikuwa na yake. Kwake chombo cha mtu hakirudi kitupu. Odile akipeleka bakuli la sombe ya majani ya muhogo, bakuli litarudi na karanga. Ukimwazima ndoo, utaikuta mlangoni kwako ina mboga chini yake. Odile, Mkristo wa kwaya asiyependa kushindwa na mtu, hasa na Mwislamu, alirudisha karanga kwa ndizi, na ndizi zikarudi kwa mayai, na mashindano hayo mpaka leo hayajapata mshindi. "Chombo kitupu nabeba njaa," Sitti husema, na hapo mjadala umekwisha.

Mwaka juzi kidonda cha kisukari kilimkamata Taban mguu wa kushoto. Alilazwa hospitali ya Kuluva. Madaktari walipigana kwa ajili yake, nao uhai ukabaki, lakini mguu ukakatwa chini ya goti. Étienne alikuwa akienda kumwona na chupa ya uji, na kila alipokwenda alimkuta mzee mtulivu, anamshukuru Mungu, anatania wauguzi. Jambo moja tu hakulitaka. Mtu akileta habari za magari, Taban aligeuza uso ukutani.

Aliporudi nyumbani hali ilikuwa ileile. Gereji aliikodisha. Alikaa uani na magongo yake yameegemea ukuta, na kila alipotaka kwenda msikitini au zahanati, Sitti alimshika upande mmoja na jirani upande wa pili, wakampandisha kwenye gari la kukodi. Mtu mmoja mwenye nia njema alimshauri atafute gari la otomatiki. Taban akajibu kwamba huko si kuendesha, huko ni kukaa.

"Yeye nasema mguu hapana shida," Sitti alimwambia Étienne siku moja getini, kwa sauti ya chini. "Nasema shida iko klachi. Maisha yake yote mutu iko dereva, sasa watu nabeba yeye kama gunia."

Neno hilo lilirudi na Étienne mpaka Mvara. Lilikaa naye mezani, likalala naye. Baada ya siku ya uwanja iliyofuata, akiwa amelala chali chini ya Corolla anamwaga mafuta, alimkumbuka Taban wa zamani akimfundisha klachi kwa kidole na kijiti. Mafuta haina macho, alikuwa akisema. Haijui nani nasukuma. Étienne aliacha mafuta yamtiririkie kiwikoni. Kama mafuta hayana macho, hayawezi kujua kama yanasukumwa na mguu au mkono. Klachi ya waya ingemshinda, lakini mrija wa mafuta unaupinda unakotaka na kuupeleka unakotaka.

Kazi hiyo ilimla wiki kadhaa. Kwanza alijaribu masta ya breki ya pikipiki, ikasukuma mafuta kiduchu, gia zikalia. Akaitupa akatafuta masta ya kigari kidogo cha mizigo, akaifunga karibu na gia, akachomelea mkono wa chuma uliosimama sambamba na kijiti cha gia, hivi kwamba vidole vinavuta klachi huku kiganja kikisukuma gia. Jolie ndiye aliyekaa kwenye kiti kuvuta wakati wa kutoa upepo ulionaswa ndani ya mrija, na alivuta huku akiuliza kama wanawake wengine wa Mvara nao Jumamosi hufanyishwa mambo haya. Kisha Étienne akaendesha mji mzima bila kugusa chini kwa mguu wa kushoto, hadi jirani mmoja akamletea dawa ya kuchua kwa kudhani ameteguka.

Siku moja kabla ya uwanja alikwenda Koboko na kulala kwa Taban, kama desturi yake. Aliliegesha gari uani, akabadilisha mafuta ya klachi kwa mara ya mwisho mbele ya mzee, akaimaliza chupa nzima, na ile chupa tupu akaiacha barazani alipokwenda kunawa. Taban alikuwa amekaa kwenye kiti chake. Aliutazama ule mkono wa chuma kupitia mlango uliofunguliwa. Aliutazama sana.

"Masta ya gari gani?" akauliza hatimaye.

Étienne akamwambia.

"Iko na upepo?"

"Hapana, Papa. Nilitosha yote, hakuna imebaki."

Jioni ile Sitti alitoa pasi ya mkaa, akanyoosha shati la kaki ambalo lilikuwa halijavaliwa tangu hospitali, na alipopita karibu na Étienne alimshika bega. Hapo Étienne aliingiwa na hofu ya kweli. Alijua kwamba klachi ile ikimwangusha mzee mbele ya watu, Taban hatashika usukani tena mpaka anaingia kaburini, na pengine hata uani hatatoka.

Asubuhi Sitti mwenyewe ndiye aliyepakia sanduku la spana garini. Yeye hakwenda, maana makelele ya ekzosi humpa maumivu ya kichwa, lakini alisimama getini mpaka wakapotea.

Uwanjani watu walimpokea Taban kwa heshima ya magari aliyowatengenezea wazazi wao. Fadhul alimletea kiti na kofia ngumu. Étienne alizunguka mara chache kwanza, ili gari lipate moto na klachi ijaribiwe, nayo ilifanya kazi vizuri. Alipofungua boneti aliona mafuta katika kikopo yamepungua kidogo. Kiungo kimoja cha mrija kilikuwa kikitoa jasho. Akakikaza, akafuta, akaona kimenyamaza. Kilichobaki kilikuwa kujazia tu. Upande wa Kongo wingu lilikuwa linapanda, na Fadhul alishatangaza kwamba tone la kwanza likianguka anafunga, kwa sababu murram ikilowa inateleza kama sabuni, na hataki kubeba mtu. Mbele ya Taban lilikuwa limebaki gari moja tu. Étienne akanyoosha mkono ndani ya sanduku, akaikuta chupa mahali pake pa siku zote, akaimimina.

Rangi ilikuwa ileile, ya chai hafifu. Harufu ndiyo iliyomshtua. Alidhani kuna mama anayekaanga mandazi nyuma ya magari, akageuka, hakuona moto wala mama. Akainusa chupa. Ilikuwa simsim, mafuta safi ya ufuta ya kukamuliwa nyumbani, ile Sitti anayowapa watu anaowapenda tu. Akakumbuka kwamba chupa hiyo jana alikuwa ameiacha barazani ikiwa tupu.

Alisimama pale na chupa mkononi, asijue acheke au alie. Mama wa watu ameiosha kwa majivu na maji ya moto, akaijaza kwa moyo mweupe, akairudisha kwenye sanduku asiseme kitu, ili mtu aikute akifika kwake afurahi. Shukrani ya punda ni mateke, walisema wahenga. Hii haikuwa ya punda, lakini teke lilikuwa limefika vilevile. Na hasira zake zote zilimrudia mwenyewe. Yeye, anayewafukuza watu wa Arua mpaka magarini mwao awakague vikopo, amemimina bila kunusa.

Simsim ni baraka kwenye sufuria. Ndani ya masta ni balaa, kwa sababu raba za mle zimetengenezwa kwa mafuta ya breki peke yake, na mafuta ya kula huzilevya zikavimba. Pengine zingevumilia mzunguko mmoja. Pengine klachi ingenata katikati ya kona, mkono wa chuma umevutwa na haurudi, na mzee wa mguu mmoja yuko ndani. Kwa gari lake mwenyewe Étienne angeweza kubahatisha. Kwa Taban hakuweza. Wala hakuweza kusema kilichotokea, kwa sababu Taban alikuwa amekaa hatua chache tu, kofia magotini, shati la kaki limenyooka, na hakuna mume ambaye angependa kusikia mbele ya watu kwamba zawadi ya mkewe ndiyo iliyomzuia.

"Papa, nipe muda kidogo," akasema. "Minataka kubadilisha mafuta."

"Jana si ulibadilisha?"

"Nilibadilisha."

Taban alimtazama usoni. "Basi badilisha tena," akasema.

Bahati moja alikuwa nayo: hakuwa amevuta klachi tangu amimine, kwa hiyo simsim nyingi ilikuwa bado inaelea juu kikoponi. Seti ya raba mpya anayo, maana Étienne hasafiri bila raba, kama watu wengine wasivyosafiri bila dawa ya malaria. Mafuta ya breki ndiyo hakuwa nayo hata tone.

Akamwendea mwanamke mmoja, jina lake Afisa. Huyo ni mwalimu wa shule ya msingi pale Koboko, binti wa mwanajeshi, anaendesha Starlet nyekundu na hupenda kumtania Étienne kwamba Corolla inakunywa kuliko kaka zake Afisa. Ndiye aliyekuwa na ile zamu moja iliyobaki mbele ya Taban, na kofia alikwisha kuivaa.

"Afisa, iko na mafuta ya breki? Mupya, haijafunguliwa."

"Wewe? Wewe ndio naomba mafuta?" Afisa akaivua kofia. "Leo dunia iko mwisho. Yako imeenda wapi?"

Étienne akamnong'oneza. Afisa alijifunika mdomo kwa mtandio mpaka mabega yakatulia. Kisha akaona uso wa Étienne, akaacha. Alikwenda kwenye buti lake akarudi na chupa yenye kizibo kilichofungwa.

"Chukua. Na zamu yangu pia chukua, mimi nangoja siku ingine. Ile mzee alitengeneza gari ya baba yangu usiku walikuwa wanapeleka mama kuzaa. Mimi ndio nilizaliwa. Sasa nitamuuzia zamu?"

Étienne akashika mkono wake tu kwa mikono yake yote miwili, michafu ilivyokuwa. Afisa hakuutoa.

Akaifungua masta ya mkononi, akaipanga vipande vipande juu ya kitambaa safi kwenye boneti. Akaosha kila kipande kwa mafuta ya Afisa, akatupa raba za zamani, akavisha mpya. Akamwaga mrija mzima. Fadhul alikuja, akatazama mbinguni, akatazama vipande, akasema, "Étienne, mimi nilisema mvua." Afisa akamwambia kwamba mvua bado iko Kongo, haijapewa ruhusa ya kuvuka. Fadhul akarudi kwenye bendera yake. Hakufunga uwanja.

Ilibaki kutoa upepo, na kazi hiyo ni ya watu wawili. Mmoja avute klachi na kuishika, mwingine awe chini afungue ile nati ndogo upepo utoke, kisha afunge kabla mkono haujaachiwa. Étienne alikuwa anaangaza macho amwite nani, akasikia magongo kwenye changarawe.

"Nani navuta?" Taban akauliza.

Hakungoja jibu. Alifungua mlango, akageuka, akakaa kwenye kiti cha dereva, akampa Afisa magongo ayashike. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa pale tangu kidonda kianze. Étienne akaingia chini ya gari upesi ili asionekane uso.

"Vuta."

"Nimevuta."

"Shika."

"Nimeshika."

"Achia."

Katika miaka ya gereji, aliyekuwa juu ni Étienne, na sauti ya chini ilikuwa ya Taban. Sasa alilala chali na murram imemjaa nywele, matone yanamwangukia shavuni, anaisikia sauti ya mzee ikimjibu bila kuchelewa, na moyo ukamjaa shukrani. Alimshukuru Mungu kwa Afisa na kwa chupa yake. Alishukuru hata kwa ile njaa aliyoikana siku ya kwanza, maana asingekuwa na njaa asingesimama pale.

"Étienne," sauti ikasema juu. "Hii chupa nyingine hapa nanuka jikoni yangu."

Étienne alikuwa ameisahau chupa ya simsim kando ya kiti. Spana ilikuwa mkononi na hakuweza kuizungusha.

"Papa, ile..."

"Shika kazi. Nimevuta, fungua." Upepo ukatoka, ukafuatwa na mafuta safi. "Mama hapana ambiwa," Taban akasema. "Yeye alifanya kwa roho safi. Achia?"

"Achia."

Alipotoka chini, chupa ya simsim haikuwako. Mfuko wa shati la kaki ulikuwa umetuna, na kifungo chake kimefungwa.

Matone mawili matatu yalikwisha kuanguka Taban alipolifikisha gari kwenye mstari. Watu wote walimwona Fadhul akiyaona. Alifuta kipaji cha uso, akakiangalia kiganja, akakipangusia suruali kana kwamba ni jasho lake, akashusha bendera.

Gari likazimika.

Étienne alijikuta vidole vyake mwenyewe vinavuta hewa. Taban hakutazama upande wowote. Aliwasha tena, akavuta ule mkono wa chuma, akaingiza gia, akauachia pole, pole zaidi ya kijana yeyote wa pale anavyojua kuachia klachi, na Corolla ikaondoka bila kutikisika.

Kona ya kwanza aliichukua kizee. Ya pili vilevile. Baada ya kona ya tatu wakasikia gia ikishuka, injini ikapanda sauti, na gari likakata kona ya ukuta mwekundu kwa mstari ambao Étienne ameutafuta miezi mingi asiupate. Hakuna aliyeshangilia. Walimtazama tu, na Afisa akawa analia waziwazi na magongo kifuani. Étienne alisikiliza klachi. Kila gia iliingia kimya kama mtu anayeingia nyumbani kwake.

Mzunguko ukaisha. Fadhul akainua bendera ya kusimama, Taban akapita mbele yake, akampungia, na badala ya kukata kulia kwenda kwenye magari mengine alinyoosha, akatokea kwenye uwazi wa ukuta, akaingia barabarani na kupotea.

"Anaenda wapi?" Fadhul akauliza.

Étienne alikuwa ameshachukua magongo kwa Afisa na kusimamisha boda. Mvua ilimkuta njiani, na magongo ya mzee aliyoyabeba mapajani yalimpiga magoti kila shimo, na njia nzima aliona akilini gari likiwa mtaroni, mara hapa, mara pale. Hakuliona mtaroni popote. Alilikuta mbele ya geti la Taban, injini inanguruma vizuri.

Baadaye Sitti alimsimulia. Alikuwa amesikia honi, akajua wamemrudisha mumewe, akatoka na mkono tayari umenyooshwa wa kumshusha, kama kila siku. Akafungua geti akamkuta amekaa nyuma ya usukani peke yake. Taban hakutaka kushuka. Alimwambia akabadilishe nguo.

Sasa Sitti alikuwa amekaa kando ya mumewe katika tobe yake ya Idi, mkoba magotini, anatazama mbele kama mke wa mkuu wa wilaya. Étienne akasimama dirishani, amelowa chapachapa.

"Papa, ulinitisha."

"Panda nyuma," Taban akasema. "Lowesha kiti, iko yako."

Étienne akapanda, akalaza magongo sakafuni. "Tunaenda wapi?"

"Mimi najua? Uliza Mama." Taban aliweka kiganja juu ya gia, na vidole vikaushika ule mkono wa chuma. "Tangu mguu naenda, yeye nanibeba. Msikitini yeye, hospitali yeye, chooni yeye. Leo yeye nasema wapi, mimi napeleka."

Sitti alitengeneza tobe yake begani, akaivuta ikakaa sawa, akateremsha kioo cha upande wake ingawa mvua ilikuwa bado inanyesha.

"Peleka mimi soko," akasema. "Polepole. Watu waone."